Mafuta ya Kwenda Kibiti na Kurudi

Ukitaka kumjua Mwajabu wa Charambe usiwaulize majirani zake, maana watu wa Charambe wakiulizwa moja hujibu saba. Watakwambia ni yule mjane mwenye gari jeupe la Noah, anayekazana na usukani utadhani anakuna nazi. Watakwambia mashoga zake walimshauri auze gari anunue cherehani, akakataa. Watakwambia ana kiburi. Hapo ndipo wanapokosea. Mwajabu hana kiburi hata chembe. Ana ubishi, na ubishi ni kitu kingine kabisa.

Mumewe, marehemu Mwinshehe, alikuwa fundi wa vigae, na nusu ya vyoo vya maana vya Mbagala vimepita mikononi mwake. Asubuhi moja aliamka mzima, akanywa chai, akaaga. Jioni watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Akamwachia Mwajabu watoto, nyumba isiyoisha, na hiyo Noah.

Alipotoka eda, Mwajabu alikwenda kujifunza udereva Tandika, darasa moja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Walimcheka. Akawaacha wacheke, akapata leseni. Tangu hapo alfajiri hupakia watoto wa mtaa kuwapeleka shule, na baada ya hapo huwabeba akina mama wanaofuata nyanya na vitunguu Mabibo. Wazazi wanampenda kwa sababu hakimbizi gari, na akina mama wanampenda kwa sababu hajui kununa. Kwa hiyo kazi alikuwa nayo. Kilichokuwa kinamuua ni mafuta.

Gari lilikuwa linakunywa. Linakunywa kwelikweli, kama ng'ombe aliyeswagwa toka Dodoma. Alichopata asubuhi alikiacha sheli jioni, na siku nyingine sheli ilikula hadi hela ya mboga. Mwajabu alikuwa anawalisha watoto wa Mwinshehe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili analilisha gari la Mwinshehe, na lililokuwa linanenepa ni gari peke yake.

Sasa hapo kuna mtu anaitwa Talha. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu, na ndiye msimamizi wa mirathi. Tusimsingizie: Talha ni mtu wa haki, wa swala tano, asiyekula cha yatima. Kikao cha ukoo kilikata shauri kwamba Noah ibaki kwa Mwajabu maadamu inawalea watoto, na siku itakaposhindwa kuwalea iuzwe, kila mrithi apate fungu lake. Kadi ya gari ikakaa kwa Talha. Na Talha, kila akija kuwasalimia watoto, alikuwa akilizunguka lile gari taratibu bila kusema neno, na Mwajabu aliona heri atukanwe kuliko kuzungukiwa vile.

Mambo yalichacha Idi iliyopita. Ukoo mzima ulikwenda Kibiti kuwaona wazee, Talha akajaza mafuta kwa mkono wake kabla ya kutoka. Wakati wa kurudi, pale Kimanzichana, taa ya mafuta ikawaka. Ikabidi gari lisimame sheli, na ule mchango wa kwenye gari, ambao kila mtu anaujua na kila mtu anauchukia, ukaanza kupita kiti hadi kiti. Shangazi Hamisa, mtu mzima wa ukoo, akafungua fundo la khanga yake akatoa alichokuwa amekiweka kwa ajili ya dawa. Mwajabu aliona. Alitamani ardhi ya Kimanzichana ipasuke imfunike.

Walipofika nyumbani, Talha alibaki kibarazani baada ya wengine kuondoka.

"Shemeji," alisema, "mie sina ugomvi na wewe. Lakini gari hili linawala wanangu."

"Nalijua shemeji. Nipe muda nilitengeneze."

"Khitma ya mdogo wangu imekaribia, tutakwenda tena Kibiti. Nitajaza mafuta kiasi kilekile cha Idi. Yakituchukua na kuturudisha mpaka hapa mlangoni, Wallahi sitolisema tena gari hili. Yakituacha njiani, kuna bwana mmoja wa Kipawa analitaka. Atakuwa anatungoja hapahapa."

Mwajabu akamjibu, "Nimekubali."

Basi akaanza kutafuta dawa, na mji huu ukishajua unatafuta dawa kila mtu anakuwa mganga. Mmoja alimwambia ajaze mafuta alfajiri, kabla jua halijayavimbisha. Akaamka, akajaza alfajiri, yakaisha vilevile. Mwingine akamuuzia sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta, eti inayanyoosha mafuta yaende yamejipanga. Ile sumaku ilikuwa nzuri. Leo inashikilia picha kwenye friji ya nyumbani. Dereva mmoja wa siku nyingi akamfundisha kuachia free, yaani kutoa gia kwenye mteremko gari lijiendee lenyewe. Akajaribu mteremko wa Kongowe. Gari likajiendea kweli, likamwendea na lori la mchanga lililokuwa mbele, na Mwajabu akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Akaapa mbele ya Mungu kwamba gia haitoki tena mpaka gari lisimame.

Akakaa chini akafikiri kama mama wa nyumba, si kama dereva. Punda akichoka, mtu mwenye akili huangalia kwanza amebeba nini.

Alikuwa hajafungua buti ya nyuma kabisa tangu msiba. Mizigo ya wateja huiweka katikati ya viti, na kule nyuma alikuwa hataki hata kugeuza shingo. Jumapili moja alifungua. Mashine ya kukatia vigae ilikuwepo, na vumbi lake. Mifuko ya saruji ya vigae ilikuwepo, imegandamana imekuwa mawe. Ndoo, miko, nyundo ya mpira, vigae vya akiba vya nyumba ya mtu aliyekwisha hama. Juu ya gari ilikuwepo keria ya kubebea ngazi, na ngazi yenyewe iliibiwa siku ya matanga. Mwajabu alikuwa amezunguka mji mzima na mumewe mgongoni, kila siku ya Mungu, akijidanganya kwamba hajamwona.

Alilia, khanga ikalowa. Kisha akafunga kibwebwe akashusha kitu kimoja kimoja. Vifaa akampa fundi aliyekuwa akifanya kazi na marehemu, naye akavipokea kwa mikono miwili. Mawe ya saruji yakaenda kuziba korongo la mtaa, na keria ikafunguliwa. Gari likanyanyuka nyuma, waziwazi, kama mtu aliyetua tenga la nyanya.

Matairi nayo. Mwinshehe alipenda matairi laini, yasije yakampasulia vigae kwenye makorongo ya Charambe, na Mwajabu alikuwa ameendelea na utaratibu ule bila kujua sababu yake. Akayajaza upepo unaotakiwa. Akabadilisha chujio la hewa lililokuwa limekwisha kupulizwa mpaka likachoka. Akaacha ule mtindo wa kukanyaga mafuta kwa nguvu halafu breki kwa nguvu, wenyewe mjini wanaouita kuchangamka.

Unafuu ukaonekana, alhamdulillahi. Lakini alipopiga hesabu ya Kibiti kichwani, gari lilimfikisha Mkuranga au Vikindu, halikumfikisha nyumbani. Na khitma ilikuwa inabisha hodi.

Hapa ndipo Loveness alipougua. Loveness ni mwalimu wa shule ya msingi, jirani yake wa ukuta mmoja, mtu wa Makete, kule kwenye baridi ambako nguo hukauka kwa wiki nzima. Malaria ilimpiga asubuhi ya mvua, Mwajabu akampakia kumpeleka hospitali ya Temeke. Foleni ilikuwa imejaa toka Rangi Tatu. Loveness alikuwa amejikunyata kwenye kiti cha mbele na khanga mbili na sweta, meno yanagongana.

"Dada Mwajabu, niwashie hita, nakufa."

"Hita gani tena?"

"Hiyo hapo. Zungusha kwenye alama nyekundu."

Tangu gari lile liingie Dar es Salaam hakuna kiumbe aliyekuwa amegusa ile alama nyekundu. Nani ataongeza joto Mbagala? Mwajabu akazungusha kwa shaka. Upepo ukatoka, wa baridi. Wakaenda, wakaenda, foleni ikawasogeza hadi Mtoni, upepo ukawa vuguvugu kama uji uliosahauliwa. Loveness akanyoosha mkono, akaugusa, akaangalia dashibodi.

"Dada, gari lako halijaamka."

"Usiweweseke, mama. Tumetoka nyumbani saa nzima, liamke vipi tena?"

"Mie najua ninachosema. Ona mshale wa joto, umelala chini kabisa. Kwetu baba alikuwaga na pikapu. Asubuhi ukiwasha, mshale uko hapo chini, na baba anasema sasa hivi msiniguse, linakula mafuta mara mbili. Injini baridi inajiongezea mafuta mpaka ipate moto. Mshale ukipanda katikati ndo linakula kistaarabu. La kwako hili linaishi Makete."

Akasema hivyo, akafumba macho, akaendelea kutetemeka. Mwajabu alimfikisha hospitali, akamngojea mpaka alipochomwa sindano, akamrudisha, akampikia uji. Lakini ule mshale haukumtoka akilini. Siku zote alikuwa akiutazama na kujisifu. Gari langu halichemki! Kumbe alikuwa anajisifia ugonjwa.

Kesho yake akaenda gereji Tandika kwa fundi Gaspar. Gaspar ni mtu wa Songea, mcheshi, fundi kweli, na ndiye aliyekuwa akilihudumia gari tangu enzi za marehemu. Kwenye nguzo ya kibanda chake kunaning'inia waya uliotungwa vijidude vya chuma, vimepangana kama mishikaki. Mwajabu alikuwa ameviona mara nyingi akadhani ni mapambo.

"Gaspar, gari langu kwa nini halipati moto?"

"Ndo uzuri wake, mama! Si nilitoa themostati?"

"Ndo nini hiyo?"

Gaspar akagusa ule mshikaki kwa majivuno. "Hii hapa. Inaziba njia ya maji, yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ishike moto. Wazungu na Wajapani kwao barafu, wanaihitaji. Sie huku Dar ya nini? Kila gari linaloingia hapa, natoa kwanza hiyo, ndo nauliza linaumwa nini. La mzee Mwinshehe lilichemka siku moja kwenye foleni, nikaitoa, halijachemka tena."

"Na siku ile rejeta ilikuwaje?"

Gaspar akajikuna. "Ilikuwa inavuja kidogo. Nikaiziba pia."

"Basi ulimponya mgonjwa kwa kuiziba rejeta, halafu ukamkata mguu usiokuwa na kidonda. Nirudishie themostati."

"Mama, litachemka. Litaua injini. Mafundi wote Temeke tunatoa!"

"Aliyeunda gari hili alihangaika kulitia chuma hicho bure? Hakuwa na kazi nyingine?"

Wakabishana mpaka muuza kahawa akasimama kusikiliza. Gaspar alikuwa hatanii. Alikuwa anamwogopea kwa dhati. Mwajabu naye alikuwa anaogopa, tena sana, maana injini ikifa hata bwana wa Kipawa hatalitaka, na watoto watabaki hawana gari wala fungu. Lakini alishajaribu maneno ya kila mtu mwenye mdomo. Hili la Loveness lilikuwa la kwanza kuingia akilini kwake likakaa.

Gaspar akakubali, kisha akaanza ile sala ya mafundi: njoo kesho. Kesho ikazaa kesho. Mwajabu akaenda Kariakoo akanunua mwenyewe kile kidude kipya, akakiweka kwenye mkoba, akampigia simu kila baada ya swala. Hatimaye Gaspar akaja siku yenyewe ya safari, alfajiri, ukoo ukiwa unaoga zamu kwa zamu. Akakifunga pale uani, akakagua rejeta na feni, akajaza maji ya dawa ya kupozea injini, akafunika boneti.

"Feni inazunguka, rejeta haivuji," alisema akijifuta mikono. "Lakini likichemka, mie simo."

"Hayo mengine niachie mie na Mungu," alisema Mwajabu.

Wakatoka. Talha akakaa mbele na kanzu yake nyeupe, baada ya kujaza mafuta yaleyale ya Idi. Nyuma wakakaa Shangazi Hamisa, mke wa Talha, watoto, na sufuria la pilau ambalo lilipewa kiti chake. Mwajabu aliendesha kwa upole, gia zikibadilika bila mtu kujua, jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale.

Kufika Mzinga, mshale ukaamka. Mwajabu alikuwa hajauona ukisogea tangu alipojua kuendesha gari. Ukapanda kidogo, ukapanda tena. Kwenye kilima cha Kongowe, gari limejaa watu na pilau, ukaanza kupanda bila aibu. Talha akauona.

"Shemeji! Linachemka! Simamisha!"

"La ilaha illallah," akasema Shangazi Hamisa, na mke wa Talha akaanza kuuliza dumu la maji liko wapi. Hawana kosa, mshale ukipanda, mtu wa Dar anajua kitu kimoja tu, kushuka na dumu.

Mikono ya Mwajabu ilitaka kukata kona upande wa kushoto, isimame, wayamalize. Akaikataza.

"Shemeji, niamini mpaka katikati," alisema. "Ukivuka katikati kidogo tu, nasimama mwenyewe, na huyo bwana wa Kipawa mwiteni hukuhuku njiani."

"Unaua gari, Mwajabu!"

"Katikati, shemeji."

Wote, hata watoto, wakaukodolea macho ule mshale, na kilima kikaendelea, na mshale ukapanda, ukafika katikati. Ukasimama. Wakamaliza kilima, wakapita Vikindu, wakaiacha Mkuranga nyuma, mshale umekaa palepale kama mkwe aliyeambiwa asiguse kitu. Mwajabu akazungusha ile alama nyekundu sekunde chache, upepo wa moto ukampiga Talha usoni akaruka.

"Zima, zima! Ndo nini hiyo?"

"Gari limeamka," alisema Mwajabu, na kwa mara ya kwanza tangu Idi akacheka kwa sauti.

Khitma ikasomwa Kibiti, Mwinshehe akaombewa, pilau ikaliwa. Mwajabu aliomba dua mbili, moja ya marehemu na moja ya safari ya kurudi. Kisha wakapakia tena, safari hii na mihogo na mananasi ya wazee, na hakuna mtu aliyekuwa akiwaza jambo jingine zaidi ya mafuta, ingawa kila mtu alijifanya anatazama mikorosho.

Walipokaribia Kimanzichana, Talha akaegemea mbele. Wakaiona ile sheli ya aibu. Wakaipita. Taa haikuwaka. Shangazi Hamisa akageuka akaitazama kupitia kioo cha nyuma mpaka ikapotea.

"Mwanangu," alisema, "mbona hatusimami?"

"Tusimamie nini shangazi? Labda kama unataka maji ya kunywa."

Wakaipita Mkuranga. Wakaipita Vikindu. Kuteremka Kongowe, gia iko mahali pake, Talha akatazama mshale wa mafuta kwa makini kama anayeutafuta mwezi wa Ramadhani, na mafuta bado yalikuwepo. Akakaa sawa. Akatazama nje, akasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu angefurahi."

Bwana wa Kipawa alikuwepo kweli, ameketi kibarazani kwa miadi, mguu juu ya mguu. Gari lilipoingia akasimama akalizunguka, akapiga bodi ngumi mbili tatu kama anayenunua tikiti.

"Mzee Talha, si uliniambia linalala njiani hili? Mbona limetulia hivi? Basi mie naongeza dau. Kadi umekuja nayo?"

"Ninayo," alisema Talha.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akaitoa. Mwajabu alikuwa bado kwenye usukani, funguo mkononi. Bwana wa Kipawa akanyoosha mkono wake. Talha akapita kando yake, akaja mpaka dirishani kwa dereva.

"Shika, shemeji," alisema mbele ya wote. "Wiki ijayo twende tukaandikishe jina lako. Na asiyeridhika katika ukoo aje aseme na mie."

Shangazi Hamisa akafungua mdomo kupiga kigelegele, lakini alichelewa. Mwajabu alikuwa ameshakipiga mwenyewe, kirefu, cha kuamsha mtaa, na majirani wa Charambe wakaanza kutoka milangoni mmoja mmoja kuja kuuliza nani anaolewa.